Boma Halina Mdomo



Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli sokoni, lakini katika kazi ya kujenga nchi imetudhuru. Viongozi wengi wa matawi yetu wameifanya mto wa kulalia. Wameanzisha zahanati, darasa, kisima au lambo. Wamefyatua matofali, wameinua kuta mpaka usawa wa madirisha. Kisha wameketi kungoja wema wa kazi yenyewe uwaite watu. Watu hawaji. Mvua ndiyo inayokuja. Kuta zinalowa, nyasi zinaota vyumbani, na mbuzi wanapata kivuli ambacho mama mjamzito alikuwa ameahidiwa.

Sisi twafanya kazi ya Chama hapa Didia, kwenye barabara kuu itokayo Shinyanga mjini kwenda Tinde. Mabasi na malori hupita mchana na usiku. Abiria huchungulia madirishani wakaona kuta zisizo na paa, wala hawajui kama ni zahanati au ni ghala la mtu aliyefilisika. Kwa mgeni hilo si ajabu. Aibu ni kwamba hata mwenyeji wa kitongoji cha pili, ukimwuliza, hajui vilevile. Atakwambia, "Nasikia ni ya Serikali." Akiisha kusema hivyo amekwisha jitoa, mchanga wake hauji, maji yake hayaji, wala siku yake ya kazi haiji.

Desturi iliyozoeleka katika nchi yetu ni kwamba wananchi huinua boma kwa nguvu zao, na halmashauri huombwa fedha ya kupaua na kumalizia. Basi kijiji kinachonyamaza hupoteza mara mbili: hukosa mikono ya watu wake, na hukosa nafasi yake katika orodha ya halmashauri. Boma halina mdomo. Sisi ndio mdomo wake, na tukifunga mdomo huo hatuna haki ya kulaumu mtu.

Tukilisema jambo hili mikutanoni, jibu tunalopewa ni moja: "Hatuna fedha ya matangazo." Ndugu zetu, jibu hili lingewachekesha wazee waliokijenga Chama.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Haikuwa na redio. Redio ilikuwa ya mkoloni. Haikuwa na magari ya kutosha wala fedha ya mabango. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipotakiwa kuwaandikisha akina mama wa Dar es Salaam, hakwenda kwa mpiga chapa. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Aliwajua, naye alikuwa mwimbaji mwenzao. Vikundi vile vilikuwa na wanachama, na siku za kukutana, na uaminifu wa miaka mingi. Mwaka ule ule akina mama kwa maelfu wakawa na kadi.

Na huku kwetu je? Tangu mwaka 1954 hadi 1958 TANU ilinyimwa ruhusa ya kufanya kazi katika sehemu kubwa ya Jimbo la Ziwa. Mkutano wa hadhara ulikuwa hatari. Lakini wakulima wa pamba walikuwa na vyama vyao vya ushirika, ambavyo mwaka 1955 viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya Paul Bomani. Pale mkulima alipopeleka pamba yake kupimwa, ndipo alipokutana na mkulima wa kijiji kingine, na habari ikaenda. Mwaka 1958 wananchi wa Geita walipokataa baraza la wilaya la mseto, walifunga safari kwenda Mwanza kupeleka malalamiko yao. Hakuna aliyewapelekea bango. Habari ilipita mdomoni, na miguu ikaifuata.

Wapo pia waliokuwa na fedha wakashindwa. Mwaka 1947 Serikali ya kikoloni ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya. Fedha zilikuwepo, malori yalikuwepo, mabwana shamba walikuwepo. Mwananchi aliambiwa apunguze ng'ombe, alime kwa matuta, apande hiki na kile, akikataa, faini. Mengine katika yale yalikuwa na faida kwa ardhi. Lakini yalitangazwa kama amri, si kama shauri la wenye nchi, na mwananchi akayachukia yote pamoja, la faida na la hasara. Kabla miaka ya 1950 haijaisha amri zile zilikuwa zimeanguka.

Sasa linganisha na HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyoanza mwaka 1986. Mkoa wetu ulikuwa umebaki uwanda mtupu, kwa sababu misitu ilifyekwa miaka mingi kufukuza mbung'o na kupata mashamba. Safari hii wataalamu walikwenda kwa wazee wakauliza: Zamani mlifanyaje? Wazee wakajibu: ngitili. Nalo ni neno la Kisukuma ambalo kila mfugaji alilijua tangu utoto wake: eneo la malisho lifungwalo wakati wa mvua, lifunguliwe wakati wa kiangazi. Hapakuwa na haja ya kulitangaza neno geni. Shauri likapita katika mikutano ya vijiji na katika dagashida, baraza la jadi la Wasukuma. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zikijulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Tangazo lililoshinda lilikuwa lugha ya watu wenyewe katika baraza la watu wenyewe.

Twayasema haya ya kale kwa sababu sisi wenyewe, tuliosoma chuo cha ualimu tukafundishwa namna ya kumfikishia mtu jambo likamkaa, tulikwisha kuyasahau. Tutaeleza kosa letu, maana si haki kuwakosoa wenzetu tukajificha.

Kijiji kimoja cha karibu nasi kilitutaka tukisaidie kulitangaza boma la zahanati yake. Tukaona fahari. Tukachapisha bango kubwa mjini, lenye picha ya mgeni rasmi na maneno makubwa ya kumkaribisha. Tukakodi gari la kipaza sauti lizunguke siku nzima. Fedha iliyotumika ingenunua saruji ya kutosha kumaliza ukuta mmoja. Siku ilipofika, mgeni alikuja, viongozi tulikuja, na watoto walikuja kuliangalia gari. Wenye kijiji walikuwa wachache kuliko viti.

Kesho yake tulimkuta mama mmoja mzee akitwanga uani kwake. Tukamwamkia, tukamwuliza: "Mayu, mbona jana hatukukuona?"

Akasema: "Mwanangu, bango lenu nililiona, na mjukuu wangu akanisomea. Liliniambia nani anakuja. Halikuniambia nini kimepungua. Mimi sina cha kumpa mgeni. Lakini mchanga wa mtoni upo, na wajukuu wa kuubeba ninao. Mbona hamkusema mchanga?"

Hatukuwa na la kujibu. Tangu siku ile tumejifunza kwamba tangazo la kazi ya wananchi lina maswali manne ya kujibu: Ni kazi gani? Imefika wapi? Kimepungua nini? Nije lini, na nije na nini? Bango lisilojibu haya, hata likichapwa kwa dhahabu ya Geita, ni kitambaa tu.

Basi hizi hapa njia tulizozijaribu, ambazo tawi lolote linaweza kuzifuata bila kungoja fedha kutoka juu.

Kwanza ni ubao. Tafuteni mlango mkuukuu, upakeni rangi nyeusi, usimamisheni pale pale penye kazi, upande unaotazama njia. Andikeni kwa chaki, herufi kubwa: Zahanati ya kijiji. Mifuko ya saruji iliyopokelewa, iliyotumika, iliyobaki. Matripu ya mchanga yanayotakiwa. Siku ya kazi ni Jumamosi, saa moja asubuhi. Kila Jumapili jioni futeni, andikeni upya. Ubao usiobadilika wiki tatu huwaambia watu kwamba kazi imekufa, hata kama haijafa. Ubao wa pili wekeni penye mashine ya kusaga, kwa sababu kila nyumba hupeleka mtu pale, naye hungoja foleni hana la kufanya ila kusoma au kusomewa.

Pili ni mnada. Siku ya mnada watu huja kutoka vijiji vingi, mwenye ng'ombe na mwenye kuku, muuza mitumba na mnunuzi wa mpunga. Msiwahutubie, mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe hana nafasi ya hotuba. Ombeni dakika mbili kwa mwenye kipaza sauti anayenadi bidhaa zake. Wengi hawakatai, maana nao ni wananchi. Semeni yale majibu manne, basi. Kisha kaeni chini ya mti mmoja ule ule kila mnada, na daftari, ili mwenye kutaka kuuliza ajue pa kuwakuta.

Tatu ni ngoma. Baada ya mavuno, Usukuma wote hucheza. Bagika na Bagalu wana ushindani wao wa miaka mingi, na manju mmoja mwenye sauti hukusanya watu kuliko sisi sote tukiungana. Mwendeeni kwa adabu kabla ya msimu, mpelekeni kwenye boma aone kwa macho yake, kisha mwacheni atunge mwenyewe. Msimwandikie maneno. Mkimwandikia, atawaimbia ninyi, na watu watajua. Akitunga mwenyewe huenda akatuchoma sisi viongozi kidogo, tuvumilie. Wimbo wenye mwiba ndio unaobebwa mpaka kijiji cha tatu. Wala tusisahau kwamba jembe na ngoma ni ndugu huku kwetu: bugobogobo ni ngoma ya majembe, na vijana chini ya nsumba ntale wao wamelima pamoja kwa wimbo tangu kabla ya mkoloni. Siku ya kazi isiyo na ngoma ni adhabu. Yenye ngoma ni sherehe, nayo hujitangaza kwa masikio.

Nne ni shule. Mwalimu anaweza kutenga dakika chache za somo la kuandika, watoto wakanakili mistari mitatu kutoka ubaoni kuwapelekea wazazi: kazi ni nini, siku gani, uje na nini. Karatasi ile ikifika nyumbani husomwa kwa sauti, na baba aliyekuwa akijidai hajui hana tena pa kujificha. Lakini mtoto asifukuzwe darasani kwa sababu ya mchango wa mzazi. Huko ni kuujenga ukuta kwa kuubomoa mwingine.

Tano ni misikiti na makanisa. Baada ya sala kuna matangazo. Pelekeni karatasi fupi kwa viongozi wote wa dini, bila kubagua, iwe na maneno yale yale, ili asitokee wa kusema kwamba zahanati ni ya watu wa upande fulani.

Sita ni simu za mkononi. Vijana wetu wengi wako machimboni: Mwakitolyo, Kahama, Nyarugusu, Geita. Siku ya bahati hupata fedha, na wengi wana moyo wa kusaidia nyumbani. Wamechoka tu kutuma fedha isiyoonekana ilikokwenda. Basi kila wiki mtu mmoja apige picha ya boma, asimame mahali pale pale, aitume katika kundi la WhatsApp la wana-kijiji pamoja na picha ya ubao. Kijana aliye shimoni Nyarugusu ataona kozi tatu zimeongezeka juu ya ile aliyoiona wiki iliyopita, naye ataamini. Lakini fedha yenyewe isipitie simu ya mtu binafsi. Iende kwenye akaunti ya kijiji, yenye watia sahihi wanaojulikana, na stakabadhi iandikwe.

Saba ni redio. Katika Kanda ya Ziwa tunazo redio za karibu. Hapa Shinyanga ipo Radio Faraja. Msiwapelekee sifa za viongozi. Wapelekeeni habari: kwamba Jumamosi akina mama wa kitongoji fulani wamebeba maji ndoo kwa ndoo mpaka zege likakamilika. Mwandishi aalikwe siku ya kazi, asingojewe siku ya kukata utepe. Nanyi kumbukeni funzo la mwaka 1973, la kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilisema nchi nzima, lakini haikuachwa iseme peke yake. Wananchi wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, chini ya viongozi 75,000 waliofundishwa kazi hiyo. Wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio bila kikundi ni upepo. Atakayesikia habari ya boma lenu awe na mtu wa kumwuliza jirani yake.

Hizo ndizo njia, wala hakuna hata moja yenye gharama ya kulilia. Sasa tuseme lile lililo gumu, maana wengi huzikwepa njia hizi si kwa sababu ya fedha.

Katika kijiji kile tulichokitaja, tulisimamisha ubao. Wiki ya nne ubao ukasema: saruji iliyopokelewa mifuko 40, iliyotumika 31, iliyobaki 6. Wananchi wanajua kujumlisha. Jioni ile ile swali lilikuwa kijiji kizima: Mifuko mitatu iko wapi? Kiongozi mmoja akatujia kwa hasira, akasema ubao unachochea watu, uondolewe. Nasi, tukiri, tuliyumba. Kwa siku mbili tulinyamaza, tukiogopa kuharibu jina la wenzetu. Mwishoni tukaona kwamba kuuondoa ubao ni kutangaza wizi ambao haujathibitishwa. Ukaitishwa mkutano. Ikadhihirika kwamba mifuko ile mitatu ilikuwa imeazimwa kukarabati tangi la maji la shule, bila kuandikwa popote. Haikuwa wizi, ilikuwa uzembe. Ikarudishwa, ikaandikwa. Jumamosi iliyofuata watu waliokuja na mchanga walizidi Jumamosi zote zilizotangulia, na yule mayu mzee alikuja na wajukuu watano. Leo boma lile limefika kwenye linta. Paa bado, nasi hatutadanganya kwamba limekwisha.

Hapo ndipo ilipo siri ya jambo lenyewe. Kutangaza kazi ya wananchi ni kutoa hesabu. Anayeogopa hesabu ndiye atakayesema hakuna fedha ya matangazo. Tena hili si hisani ya kiongozi. Mkutano mkuu wa kijiji watakiwa kuketi kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi ni haki ya kila mwanakijiji. Mbao za matangazo zipo nje ya ofisi zetu nyingi, lakini zimebandikwa karatasi zilizopauka kwa jua hata hazisomeki. Tuanzie hapo.

Lipo na la pili, nalo twaliambia Chama chetu wenyewe, maana mwenye mapenzi na nyumba ndiye aionyeshaye ufa wake. Tusilipake boma rangi ya Chama. Mgonjwa haulizwi kadi, na mchanga hauna kadi. Tukimtangazia mwananchi kwamba zahanati ni yetu, tumemwambia yule asiye mwanachama kwamba si yake, na tumepoteza mabega yake. Fulana na kofia zina siku yake. Katika kazi ya kijiji, sifa ya mwanachama ni kufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Watu wana macho, watatambua wenyewe ni nani.

La tatu: tangazo lisigeuke kuwa mgambo. Mtendaji anayekamata kuku wa mtu kwa ajili ya mchango amelitangaza boma vibaya kuliko adui yeyote, na amefufua yale ya Malya. Mwenye fedha alete fedha, mwenye nguvu alete nguvu, mzee alete shauri, na asiye na kitu aheshimiwe.

Na ndugu zetu wa Geita na Msalala, mlio jirani na migodi mikubwa, nanyi mna la kuangalia. Sheria ya Madini kama ilivyorekebishwa mwaka 2017 yaitaka migodi kuandaa kila mwaka mpango wa kuisaidia jamii, na kuupatanisha na halmashauri. Mpango huandikwa na watu walioketi mezani, nao huandika wanalolijua. Kama boma lenu halijasemwa kijijini, halitasemwa kwenye kata. Kama halikusemwa kwenye kata, nani atalisema wilayani? Diwani asiyepewa ubao wa hesabu ataingia kikaoni na maneno matupu, na maneno matupu hayapauliwi nyumba.

Ndugu, nchi yetu ilipopata Uhuru mwaka 1961 maadui walitajwa watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Tumezoea kudhani ujinga ni wa asiyejua kusoma. Lakini mwananchi asiyejua kwamba zahanati inajengwa nusu saa kutoka nyumbani kwake, tena na jirani zake, si yeye mjinga. Ni sisi tuliomnyima habari. Ujinga huo hauhitaji fedha kuufukuza. Unahitaji mlango mkuukuu, kipande cha chaki, na kiongozi asiyeogopa kuulizwa.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, kila tawi katika kata yetu lisimamishe ubao wake. Sisi wa Didia tutapita kuusoma, na ninyi pitieni mtusomee wetu. Mkiona hesabu hailingani, msituonee haya. Ulizeni.

Uhuru na Kazi!